Mji wa Iringa na Boma Lake

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa barabara kuu, akisha kuupanda mlima wa Kitonga na kupita Ilula, hufika Ipogolo, mahali ambapo barabara yakutana na mto wa Ruaha Mdogo. Hapo, akiinua macho, huuona mji wa Iringa umekaa juu, ukingoni mwa uwanda wenye mawe makubwa, kama mtu aliyeketi barazani akiwatazama wapitao. Barabara kuu haiingii mjini. Atakaye kuingia hana budi kuiacha na kupanda kilima. Wageni wengi huuliza kwa nini mji uliwekwa huko juu, mbali na maji na mbali na njia. Jibu lake ni fupi: aliyechagua mahali pale hakuwa mfanyabiashara wala mkulima. Alikuwa askari, naye alitaka mahali pa kuonea mbali na pa kujilindia.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi mahali palivyochaguliwa, jinsi jina lilivyopatikana, na jinsi watu walivyokusanyika hata pakawa mji. Twaweza kuyaita jiografia, lugha na hesabu ya watu. Mambo haya matatu hayatenganiki, na atakayelitazama moja peke yake aweza kudanganyika. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba Iringa ni mji wa Wajerumani, na kwamba jeshi ndilo lililoukuza. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu, na historia ikielezwa nusu huwanyang'anya watu kilicho chao. Kwa hiyo yafaa tuyapime.

I. Mahali

Nchi ya Uhehe ni sehemu ya Nyanda za Juu za Kusini. Upande wa mashariki uwanda huanguka ghafula kuelekea bonde la Kilombero. Upande wa kaskazini na magharibi huteremka polepole hata bonde la Ruaha Mkuu, nchi ya joto na vichaka. Katikati ni nchi ya juu yenye hewa baridi, mvua ya msimu mmoja, na udongo ufaao mahindi. Mji wa Iringa wasimama zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari. Hapo ni baina ya nchi mbili: kusini, kuelekea Mufindi, ni nchi ya mvua nyingi, ya chai na misitu, kaskazini, kuelekea Ismani na Mtera, ni nchi kavu. Mahali pa namna hiyo, ambapo watu wenye mazao mbalimbali hukutana, pangeweza kuwa na soko hata kama pasingekuwa na boma.

Lakini makao makuu ya Wahehe hayakuwa hapo. Mtwa Mkwawa, aliyeirithi kazi ya baba yake Munyigumba ya kuunganisha koo nyingi ziwe dola moja, alikaa Kalenga, kiasi cha kilometa 15 kutoka mji wa leo, chini bondeni, kandokando ya Ruaha Mdogo. Alipajengea ukuta mrefu wa mawe na udongo. Twaona hapa tofauti ya mawazo mawili. Mkwawa alijenga penye maji na mashamba, maana ukuta wake ulikusudiwa kuwalinda watu waliokaa ndani yake pamoja na ng'ombe wao. Ngome yake ilikuwa ni mji. Wajerumani walijenga juu ya kilima, maana boma lao lilikusudiwa kuwalinda askari wachache katikati ya watu wasiowataka.

Habari za vita zajulikana, nami nitazitaja kwa ufupi tu. Tarehe 17 Agosti 1891, katika Lugalo, majeshi ya Wahehe yalilivamia jeshi la Wajerumani lililokuwa likiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walikaa miaka mitatu kabla ya kurudi kwa nguvu. Mwezi wa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliongoza jeshi lenye mizinga, na tarehe 30 ya mwezi huo Kalenga ikatekwa. Mkwawa hakutekwa. Alipigana vita vya kuvizia kwa muda wa karibu miaka minne, akisaidiwa na watu waliomficha na kumlisha, hata tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipojiua mwenyewe kwa bunduki asishikwe na adui.

Ni katika miaka hiyo ya kumwinda Mkwawa ndipo mji wetu ulipozaliwa. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alifika na askari wake, akachagua uwanda ule wa juu kuwa kituo cha jeshi. Basi boma la Iringa lilijengwa ili kumkamata mtu mmoja na kuwatenga watu wake naye. Mwisho wa mwaka huo Wajerumani walijaribu kumtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala badala yake; hazikupita siku nyingi wakamshuku kwamba amsaidia nduguye, na mwezi wa Februari 1897 wakamwua. Kwa hiyo atakayeandika habari za mwanzo wa mji huu asianze na soko wala kanisa. Hana budi kuanza na vita.

II. Jina

Hapa naingia katika kazi yangu ya kila siku, ambayo ni maneno. Jina la Iringa si la Kijerumani, wala si la Kiswahili. Asili yake ni neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome au mahali palipozungushiwa ukuta. Kiambishi cha kwanza, li-, ni kile cha ngeli ambayo kwa Kiswahili hutupa maneno kama jiwe na jicho, na wingi wake huchukua ma-. Shina la neno hili halikaliwi na Wahehe peke yao. Wabemba wa Zambia husema ilinga kwa ukuta wa magogo uzungukao kijiji, na watu wa Malawi hutumia linga kwa ngome. Kwa hiyo tunalo neno la Kibantu la kale, lililoenea katika nchi yote ya baina ya maziwa makuu ya kusini, ambako watu kwa karne nyingi walijua kujenga maboma yao wenyewe.

Lilinga likawaje Iringa? Mabadiliko ni mawili. Kwanza, sauti ya l ya mwanzo iliachwa. Pili, l ya katikati iliandikwa r. Mabadiliko haya mawili ni ya kawaida sana katika majina ya bara yaliyoandikwa na wageni. Wapagazi na askari wa pwani waliyasikia majina kwa masikio ya Kiswahili, kisha Wajerumani wakayasikia kutoka kwa hao, wakayaandika kwa herufi zao. Jina la mahali kwenye ramani, basi, aghalabu limepita midomo mitatu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili. Lilinga halikuwa jina la kilima kile ambapo mji upo leo. Lilikuwa jina la ngome ya Mkwawa, yaani Kalenga. Wajerumani walipolihamisha boma, walilihamisha na jina: Kalenga wakaiita Iringa ya Zamani, na kituo chao kipya wakakiita Iringa Mpya. Baada ya muda neno Mpya likaanguka, na ngome ya adui ikabaki na jina la ngome iliyobomolewa. Waliotekwa walipoteza ukuta wao, lakini neno lao ndilo lililoandikwa mlangoni mwa mshindi. Wala sidhani kwamba Wajerumani walifanya hivyo kwa heshima. Walitaka watu waamini kwamba mamlaka ya Lilinga yamehamia kwao. Hata hivyo neno lina maisha yake. Leo mtoto wa shule atamkaye Iringa hamtaji von Prince. Analitaja jengo la Mkwawa, ajapokuwa hajui.

Ukiyatazama majina ya mitaa ya mji utaona historia hiyo hiyo katika tabaka zake. Kuna majina ya Kihehe ambayo ni ya nchi yenyewe. Gangilonga ni jiwe kubwa juu ya mji, na maana yake ni jiwe linalosema. Wenyeji husimulia kwamba hapo Mkwawa alipata habari za kuja kwa adui. Neno hilo hilo la jiwe twalikuta katika Tosamaganga, misheni iliyojengwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19, nje kidogo ya mji. Kisha kuna majina ya Kiswahili yaelezayo jinsi mahali palivyo: Miyomboni, penye miti ya miyombo, Makorongoni, penye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Mwisho kuna majina ya Kiswahili yaelezayo yaliyotendeka. Kitanzini ni mmoja wa mitaa ya katikati ya mji, karibu na soko. Watu hununua na kuuza hapo kila siku bila ya kuliwazia jina lake. Lakini kitanzi ni kitanzi, na wazee husimulia kwamba hapo Wajerumani walikuwa wakiwanyonga watu. Hakuna jiwe la ukumbusho lililohitajika kuihifadhi habari hiyo. Limetosha neno moja pamoja na kiambishi chake cha mahali.

Yafaa kuangalia kwamba majina hayo ya kundi la pili na la tatu ni ya Kiswahili, katikati ya nchi ya Wahehe. Nani aliyeyatoa? Swali hili latupeleka kwa watu wa boma.

III. Watu wa boma

Jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na Wazungu wachache mno. Mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, lilikuwa na askari weusi 2,500 hivi katika kampuni 14, maana yake kila kampuni ilikuwa na askari wasiofika 200 kwa wastani. Kampuni ya pili ndiyo iliyokaa Iringa, na sehemu yake ikakaa Ubena. Askari wa kwanza walitoka mbali: Wasudani walioandikwa huko Misri, na watu wa kusini walioandikwa Msumbiji na kuitwa Wazulu. Baadaye wakaandikwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa pwani. Lugha waliyosemezana haikuweza kuwa Kijerumani wala Kihehe, ilikuwa Kiswahili.

Mtu asidhani kwamba askari 200 ni watu 200. Kila askari alikuwa na mke au wake, watoto, na mara nyingi mtumishi. Askari alipata mshahara wa rupia, naye hakulima; kwa hiyo alinunua chakula, nguo, na chumvi. Penye rupia hufika muuza duka. Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka yao karibu na boma, na Wahehe wa vijiji vya karibu wakaleta unga, kuku na kuni. Hali kadhalika kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898, iliwalazimisha watu wa vijijini kuzitafuta rupia, nazo zilipatikana zaidi mahali palipokuwa na wenye mishahara. Hivyo ndivyo kambi ilivyoanza kugeuka kuwa mji: risasi ndizo zilizowaleta watu, na rupia ndizo zilizowakalisha.

Twajua habari za maisha ya siku zile kwa sababu Magdalene, mkewe Tom von Prince, alikaa naye Iringa na kuandika kitabu, kilichotoka mwaka 1903. Naye Ernst Nigmann, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Iringa, aliandika kitabu juu ya Wahehe mwaka 1908. Vitabu hivyo vina manufaa, ila yatupasa kukumbuka kwamba vimeandikwa kutoka dirishani mwa boma. Watu walioishi nje ya dirisha hilo, wake wa askari, wapagazi, wauza unga, hawakuandika. Walichotuachia ni majina ya mitaa na lugha ya mji.

Wilaya ya Iringa ilikaa chini ya jeshi muda mrefu kuliko karibu wilaya zote nyingine. Mwaka 1914, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imekwisha kutiwa chini ya mabwana shauri wa kiraia, ni wilaya mbili tu zilizobaki chini ya wanajeshi: Mahenge na Iringa. Wajerumani hawakuisahau Lugalo. Hata katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, ambapo watu wa Mahenge na wengi wa Ubena waliinuka, na Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuinuka, serikali haikulegeza mkono. Kituo cha Iringa ndicho kilichotoa jeshi, chini ya Nigmann, kwenda kuiokoa Mahenge.

Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka kusini chini ya Jenerali Edward Northey yaliingia Iringa, na miaka 20 ya boma la Wajerumani ikakoma. Makaburi ya askari wa pande zote mbili yapo mjini hata leo. Jengo la boma lilitumiwa na serikali ya Waingereza na kisha na serikali yetu, na tangu mwaka 2016 limekuwa jumba la makumbusho ya mkoa. Ni ajabu ya aina yake kwamba nyumba iliyojengwa na utawala wa kijeshi sasa huwaonyesha watoto wa shule vyungu, mikuki na vitambaa vya watu waliokuwa wakitawaliwa nayo.

IV. Boma lisilozaa mji

Mpaka hapa msomaji aweza kusema: basi maneno ya watu ni kweli, jeshi ndilo lililoufanya mji. Lakini hoja haithibitiki kwa mfano mmoja. Hebu tutazame mahali pengine.

Katika nchi ya Wanyakyusa, wilayani Rungwe, kuna ziwa dogo la mviringo lililo ndani ya kasoko ya volkano, na kando yake kuna majengo ya mawe. Mahali hapo ni Masoko. Hapo ndipo ilipokaa kampuni ya tano ya jeshi hilo hilo la Wajerumani. Palikuwa na askari kama wa Iringa, na wake zao, na rupia zao. Tena nchi ya Rungwe ina mvua na rutuba kuliko Uhehe, na watu wake ni wengi zaidi. Iwapo jeshi peke yake lingetosha kuzaa mji, Masoko ingekuwa mji mkubwa. Lakini askari walipoondoka, pakabaki majengo, ziwa, na hadithi za fedha za Wajerumani zilizotupwa majini. Mji wa nchi ile uliota Tukuyu, yalipokuwa makao ya utawala wa kiraia.

Mbeya nayo yatupa somo la kinyume. Hapakuwa na kampuni ya Wajerumani pale. Jina lake husemwa kuwa latokana na neno la Kisafwa, ibeya, yaani chumvi, kwa kuwa watu walikuja huko kubadilishana mazao kwa chumvi. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1927, wakati wa Waingereza, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa iliyowavuta watu wengi katika miaka ile. Dhahabu ilipopungua, mji haukufa, maana ulikuwa umekwisha kuwa makao ya serikali ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini na mahali pa kukutania njia za Rhodesia ya Kaskazini, Unyasa na Iringa. Majina ya mitaa yake, kama Uhindini, Mabatini, Ghana na Soweto, yaonyesha mji wa namna nyingine: mji wa wafanyabiashara na wafanya kazi, na wa zama za siasa za uhuru. Sijaona humo jina la kufanana na Kitanzini.

Nje ya nchi yetu twaweza kuona mifano ya namna zote. Uingereza ina miji mingi ambayo majina yake huishia kwa chester au caster, kama Manchester na Lancaster. Mwisho huo ni neno la Kilatini la kambi ya jeshi, lililobaki katika vinywa vya watu karne nyingi baada ya Warumi kuondoka. Huko Marekani kuna mji wa Killeen, katika jimbo la Texas. Ulianza mwaka 1882 kwa sababu ya reli, ukawa mji mdogo wa wakulima wa pamba. Mwaka 1942 serikali ikaweka kambi kubwa ya jeshi, Hood, kando yake, na tangu hapo mji umekua hata kupita watu 150,000 katika hesabu ya mwaka 2020. Huko mji ulitangulia na kambi ikafuata, na kambi bado ipo. Iringa, kambi ilitangulia na mji ukafuata, na ile kambi imekwisha kuondoka zaidi ya miaka 100. Mji wa Killeen hautwambii ungekuwaje bila jeshi. Iringa yatwambia, maana jeshi liliondoka na mji ukabaki.

V. Hesabu ya watu

Tuje sasa kwenye tarakimu. Kwa hesabu ya mwaka 1967, mji wa Iringa ulikuwa na watu karibu 22,000, na Mbeya ulikuwa na watu wasiopita 13,000. Kwa hesabu ya mwaka 1978, Iringa ulikuwa na watu 57,000 hivi, na Mbeya zaidi ya 76,000. Mwaka 2012 Manispaa ya Iringa ilihesabiwa watu 151,345, na Jiji la Mbeya 385,279. Mwaka 2022 Iringa ilikuwa na watu 202,490, na Mbeya 541,603.

Mtafiti hana budi kuonya kwamba mipaka ya miji hubadilika, na vijiji vilivyokuwa nje jana huhesabiwa ndani leo. Hata hivyo, jambo moja haliwezi kufichika. Katika miaka 11, kati ya 1967 na 1978, Mbeya uliokuwa nyuma ulimpita mwenzake. Sababu yake yajulikana. Katika miaka hiyo ilitengenezwa barabara ya lami kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, na ikajengwa reli ya TAZARA, iliyokamilika na kufunguliwa mwaka 1976. Barabara ilipita miji yote miwili, ingawa Iringa iliupitia miguuni. Reli haikupita Iringa kabisa. Ilikwenda kwa Mlimba na Makambako hata Mbeya. Kilima kilichomfaa von Prince kwa kuonea mbali hakikumfaa mjenzi wa reli.

Basi Iringa ulikuaje bila reli na bila jeshi? Uliishi kwa mambo manne. La kwanza ni makao ya serikali, ya wilaya na kisha ya mkoa. La pili ni njia ya zamani kutoka Dodoma hadi Mbeya, iliyopita mjini hapo. La tatu ni mahindi, hasa ya Ismani, yaliyoanza kulimwa kwa wingi katika miaka ya 1950, pamoja na tumbaku, chai na mbao za nchi jirani. La nne ni shule. Misheni zilitangulia, kisha ikaja shule ya Mkwawa, ambayo tangu mwaka 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, navyo vyuo vikuu vya makanisa vikaongezeka. Nataka msomaji aangalie jambo hili la nne. Mwanafunzi, kama askari wa zamani, hutoka mbali, hakai kwa jamaa zake, halimi, na hununua chakula chake kwa fedha itokayo kwingine. Naye, kama askari, husema Kiswahili. Kazi ya uchumi iliyofanywa na kampuni ya pili mwaka 1900 yafanywa leo na wanafunzi, ila hawa hawana bunduki, na wengi wao ni wana wa nchi.

Mfano wa mji mdogo ulio jirani na kambi ya leo twaupata Mafinga, njiani kwenda Mbeya. Hapo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, jeshi lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Vijana kutoka mikoa yote wamepita kambi hiyo. Mafunzo kwa waliomaliza kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Lakini hapo pia kambi si sababu pekee. Mafinga ni makao ya wilaya ya Mufindi, ipo barabarani, na ina misitu ya Sao Hill na mashamba ya chai nyuma yake. Kambi huongeza soko la mji. Haiwezi kuwa shamba lake.

VI. Mwisho wa maneno

Kutokana na hayo twaweza kusema hivi. Jeshi la Wajerumani liliuchagulia mji wa Iringa mahali pake, likawakusanya watu wake wa kwanza, na likauletea Kiswahili mapema. Hayo ni makubwa, wala hayakanushiki. Lakini jina lilikuwa la Wahehe kabla ya boma, chakula kilikuwa cha Wahehe, na kukua kwa mji baada ya mwaka 1916 kulikuwa kazi ya wakulima, wafanyabiashara, walimu na madereva. Asemaye kwamba mji ni wa Wajerumani amemhesabu aliyeweka jiwe la kwanza, akawasahau waliojenga ukuta.

Wenyewe hawakusahau. Mwaka 1954 fuvu linaloaminiwa kuwa la Mkwawa, ambalo kurudishwa kwake kulikuwa kumetajwa hata katika mkataba wa Versailles, lilirudishwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Halikuwekwa mjini Iringa. Liliwekwa Kalenga, penye lilinga lenyewe. Na kambi ya jeshi huko Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Colito, kwa kukumbuka vita vya Waingereza huko Uhabeshi, baada ya uhuru iliitwa Lugalo. Kwa mara nyingine jina la Uhehe liliwekwa mlangoni mwa kambi ya jeshi, ila safari hii waliolichagua walikuwa wenye nchi.

Imebaki kazi moja, nayo ni yetu sisi watu wa lugha. Habari za vita zimeandikwa, na hesabu za watu huchapishwa. Majina madogo hayajakusanywa: majina ya mitaa, ya makorongo, ya visima, ya mawe, ya masoko yaliyohama. Kila mtaa mpya ukipimwa, viwanja hupewa namba, na jina la zamani hubaki kwa wazee wawili au watatu. Vijana wanaosoma katika vyuo vya Iringa wako mahali pazuri kuliko watu wote kwa kazi hiyo, maana wazee wapo mlangoni mwao, Kihesa na Kalenga. Na waanze kwa kuuliza, kwa adabu, neno moja moja. Von Prince alijenga boma lake kwa mawe, nalo limekwisha kubadilika mara kadhaa. Neno lilinga halikubadilika ila herufi mbili.